Kichanga Mwenye Sepsisi: Kuusoma Mwili Unaopigana Kimyakimya

Bakteria wakiingia kwenye damu ya mtu mzima wakaleta sepsisi, yaani maambukizi yanayoyumbisha mwili mzima, mwili hupiga kelele: homa, kutetemeka, moyo kwenda mbio. Kichanga wa siku tatu anaweza kuwa na maambukizi hayohayo akalala tu, mwili umepoa, ziwa halitaki. Mama akikuambia "leo ametulia mno", acha ulichoshika umtazame mtoto.

Utulivu huo una sababu. Kingamwili za mama aina ya IgG huvuka kondo la nyuma kwa wingi katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, kwa hiyo aliyezaliwa wiki ya 28 amekosa sehemu kubwa ya akiba hiyo. Nyutrofili, seli nyeupe zinazotangulia vitani, anazo chache kwenye uboho. Zikiisha hakuna za kuziba pengo. Ndiyo maana kwa kichanga, seli nyeupe zikishuka ogopa kuliko zikipanda. Isitoshe, kinga yake ilizoea kuvumiliana na mwili wa mama tumboni, hivyo huelemea kupoza kuliko kuwasha. Sumu za bakteria zikizidi, breki hiyo huachia ghafla: mishipa midogo huvuja, presha hushuka, damu huganda ovyo, viungo hukosa oksijeni. Kati ya kimya na mporomoko huo mara nyingi ni saa chache.

Kumkagua

Mvue abaki na nepi, mahali penye joto. Hesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Vichanga hupumua kwa kusitasita, na ukihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne utadanganyika. Ukipata 60 au zaidi, hesabu tena; ikibaki hivyo, ni dalili. Tazama kama kifua kinabonyea sana ndani. Pima joto kwapani: nyuzi 38 au zaidi ni hatari, na chini ya 35.5 ni hatari vilevile. Hata kama ni asubuhi ya baridi ya Njombe, usiisingizie hali ya hewa. Mpashe joto ngozi kwa ngozi huku ukiendelea na kazi.

Bonyeza katikati ya kifua kwa kidole sekunde chache, achia. Weupe ukikaa zaidi ya sekunde 3, damu haizunguki vizuri. Kisha mweke ziwani. Mgonjwa hushika chuchu, hunyonya mara mbili, huachia mdomo wazi, maziwa yakimtoka pembeni. Degedege lake nalo si la kurusha viungo kila mara: anatafunatafuna hewa, macho yamekaza upande mmoja, miguu inakwenda kama ya mwendesha baiskeli.

Dalili moja kati ya hizi inatosha kuanza dawa.

Dozi ya kwanza kabla ya rufaa

Dawa ni antibiotiki mbili za sindano. Wiki ya kwanza ya maisha: ampisilini 50 mg kwa kilo, kila saa 12, jentamisini 5 mg kwa kilo mara moja kwa siku, au 3 mg kwa kilo kwa aliyezaliwa na uzito pungufu. Mtoto wa kilo 3 aliyezaliwa na uzito wa kawaida atapata ampisilini 150 mg na jentamisini 15 mg. Usizichanganye kwenye bomba moja la sindano, zinaharibiana.

Soma chupa ya jentamisini mara mbili. Kuna ya 20 mg ndani ya 2 ml na ya 80 mg ndani ya 2 ml. Ile 15 mg ni 1.5 ml ya chupa ya kwanza, lakini 1.5 ml ya chupa ya pili ni 60 mg, dozi mara nne, na wanaoumia ni figo na masikio ya mtoto.

Kama kituo kinaotesha damu maabara ili kutafuta bakteria, chukua 1 ml kabla ya dawa. Pungufu ya hapo vimelea wachache hukosekana. Mshipa ukigoma, usicheleweshe dawa. Sukari ikiwa chini ya 2.5 mmol/l, mpe glukosi ya asilimia 10 kwa mshipa, 2 ml kwa kilo.

CRP, kipimo kinachosomwa vibaya

Seli zikigundua bakteria hutoa kwanza IL-6, protini ya kupeana taarifa, nayo ndiyo inayoliamuru ini litengeneze CRP, protini inayopimwa kwenye damu kama ishara ya uvimbe wa ndani. Hilo huchukua muda: CRP huanza kupanda takribani saa 6 hadi 12 baadaye na kufika kileleni siku ya kwanza au ya pili. Ukipima mtoto alipoanza tu kulegea ukapata chini ya 10 mg/L, jibu hilo halimruhusu kurudi nyumbani. Rudia baada ya saa 24. CRP hupanda pia bila bakteria, mfano mtoto akivuta kinyesi cha kwanza mapafuni au akikosa hewa wakati wa kuzaliwa. Kwa hiyo namba isimshinde mtoto aliye mbele yako: akilegea, dawa inaendelea hata CRP ikiwa chini.

Kwenye fomu ya rufaa andika saa kamili ya kila sindano, uzito uliotumia na nguvu ya chupa. Mama akamue dang'a, maziwa yake ya kwanza, njiani. Ina kingamwili aina ya IgA ambayo matumbo ya mtoto bado hayajaweza kujitengenezea.