Kupima hali ya Walebanoni na Wapalestina ughaibuni

Wanafunzi wangu hapa Shella, Malindi, hukimbilia kuuliza nani tajiri kati ya jamii hizi mbili. Ulizeni kwanza: walifika lini, na kwa karatasi gani? Wapalestina wa Chile, wengi asili yao Beit Jala na Bethlehem, walianza kufika mwishoni mwa karne ya 19 wakiwa raia wa dola ya Uthmaniya, iliyotawala kwao wakati huo, sawa na Walebanoni wa Brazili. Hao linganisheni. Wapalestina waliokimbilia Lebanoni mwaka 1948, ambako wajukuu wao wangali wanafungiwa kazi nyingi kisheria, wana hesabu yao peke yao.

Halafu, wastani achaneni nao! Bilionea Carlos Slim wa Meksiko, mwenye asili ya Lebanoni, anaupandisha peke yake, kama Mtaliano mwenye hoteli akihesabiwa pamoja na wavuvi wetu. Gawanyeni mapato ya kila nyumba kwa wanaokula humo, pangeni kutoka dogo hadi kubwa, chukueni la katikati. Kodi ya nyumba mtoe kabla ya kugawanya.