Ionjeshe kiu miche ya nyanya kabla haijaenda shamba

Huku kwetu Dodoma mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 550 mpaka 600 tu, na karibu yote inamalizika Disemba mpaka Aprili, sasa mche uliodekezwa kitaluni kwa maji asubuhi na jioni ukiupeleka shamba kesho yake unaukuta umelala chini kama kitambaa. Mi nimeshapoteza karibu nusu ya miche hivyo, inauma jamani.

Dawa yake ni kuikomaza. Zikibaki siku 7 mpaka 10 kabla ya kupandikiza anza kupunguza kivuli, leo toa nyasi za kichanja mpaka saa nne asubuhi, kesho mpaka saa sita, hadi ishinde juani. Na maji punguza lakini usifuate saa, fuata udongo: chomeka kidole, kama chini bado kuna ubichi acha, kama pakavu mwagilia mpaka maji yashuke chini kabisa, maana ukinyunyizia juu juu mizizi nayo inabaki juu juu.

Majani ndo yatakwambia. Yakilegea mchana alafu jioni yakasimama yenyewe uko sawa, ila ukiamka saa moja asubuhi bado yamelala hapo umezidisha, mpe maji saa hiyohiyo. Wenye trei muwe macho zaidi, udongo wake kidogo, jua la mchana mmoja tu linaumaliza.

Baada ya hizo siku mche unakuwa mfupi mnene, jani gumu la kijani kilichokolea, shina linaweza kupiga zambarau kidogo. Vile vitundu vya majani vinavyopitisha hewa vinazoea kufunga mapema ukavu ukija, ndo maana haupotezi maji ovyo.

Jioni kabla ya kuhamisha mwagilia kitalu vizuri, ung'oe na udongo wake, panda jua likishapoa, weka matandazo. Ukishashika ndo uachanishe siku za kumwagilia taratibu.

Nyanya zikianza maua usizibanie maji tena, leo mengi kesho hakuna ndo chanzo kikubwa cha tunda kuoza kitako. Na hii mbinu usiipeleke kwa giligilani au koliflawa, giligilani ikipata shida inakimbilia kutoa maua na koliflawa inakupa kichwa kama kifungo cha shati.