Mtoto anaamka usiku analia miguu inauma? Fanya hivi

Saa saba usiku mtoto analia miguu, wewe umetoka usingizini hata macho hayajafunguka vizuri, unawasha taa unaangalia mguu hauna jeraha, haujavimba, hauna alama yoyote, na yeye analia kweli kweli kaushika. Mara ya kwanza kunitokea mwanangu alikuwa na miaka 4 na nisiwafiche, nilidhani anatafuta sababu ya kuja kulala kwangu, nikamwambia lala mwanangu hamna kitu. Asubuhi kaamka anaruka ruka ndio nikazidi kuamini ilikuwa janja tu ya kitoto. Siku ya tatu nikakaa kitandani kwake nikaushika ule mguu, nikaona anavyousogeza kwenye mkono wangu nizidi kuukanda, hapo ndio nikajua huyu mtoto anaumwa. Mpaka leo inaniuma kwamba zile siku mbili za mwanzo alilia peke yake. Kwa hiyo kitu cha kwanza kabisa naomba mzazi mwenzangu, mwamini. Kuamka mzima asubuhi sio ushahidi kwamba usiku alidanganya, haya maumivu ndivyo yalivyo, yanakuja jioni au usiku na asubuhi yameshaondoka.

Wengi wanayaita maumivu ya kukua. Jina ni la zamani, kuna daktari wa Ufaransa aliandika habari zake mwaka 1823, ila usilichukue kama lilivyo, maana mtoto anakua kwa kasi zaidi mwaka wake wa kwanza na tena akibalehe, wakati haya maumivu yanawapata zaidi watoto wa miaka 3 mpaka 12, yani wakati ambao ukuaji umetulia. Kinachodhaniwa zaidi ni misuli kuchoka. Siku aliyoshinda anakimbia na kuruka na kupanda kila kitu, usiku wake miguu inadai. Kuna watoto pia viungo vyao ni laini vinapinda kuliko vya wenzao, hao nao wanalalamika zaidi, na kuna ambao mwili wao unahisi maumivu upesi tu. Mifupa yenyewe haina shida na hayamfanyi mtoto awe mfupi wala kilema, nasema hivi kwa sababu najua usiku ule mawazo yanaenda mbali.

Sasa unajuaje kwamba ni haya na sio kitu kingine? Hapa ndio pa kutulia usome vizuri.

Mkono wako ndio kipimo cha kwanza. Mtoto mwenye haya maumivu anataka kukandwa, ukimshika anatulia, ukiacha anasema mama endelea. Mtoto ambaye ana tatizo kwenye mfupa au kiungo mara nyingi hataki hata uguse, anavuta mguu, anapiga kelele zaidi. Kwa hiyo kabla hujawaza dawa shika mguu taratibu, anza mbali na pale anapoumia halafu sogea polepole huku unamwangalia usoni.

Halafu muulize inauma wapi aonyeshe kwa mkono wake mwenyewe. Kawaida atapapasa eneo zima, mapajani kwa mbele, kwenye vigimbi, nyuma ya magoti au ugokoni, na mara nyingi ni miguu yote miwili, au leo huu kesho ule. Akiweka kidole sehemu moja ndogo hiyo hiyo kila siku, tena mguu ule ule, hapo usijitulize na hili jina, nitakuja huko chini.

Angalia pia magoti na vifundo vya miguu kwenye mwanga wa kutosha, linganisha upande na upande. Pakivimba, pakiwa pekundu au pa moto kuliko upande wa pili, hayo sio maumivu ya kukua. Na kipimo cha mwisho kinakuja asubuhi, atembee mbele yako. Atembee kawaida, akimbie, apande ngazi, asichechemee.

Usiku wenyewe fanya hivi. Kaa naye, ongea kwa sauti ya chini, usiwashe taa zote ukamwamsha kabisa maana akiamka moja kwa moja kumrudisha usingizini ni kazi nyingine. Mkande kwa viganja vyote viwili, paka mafuta yoyote anayopakwa siku zote ili mikono iteleze, anza kifundoni panda kuelekea juu, kwenye kigimbi tumia dole gumba kwa mzunguko ila usibonyeze kwa nguvu kama unamkanda mtu mzima. Dakika 5 mpaka 10 kwa kila mguu zinatosha, wa kwangu mara nyingi hata hizo haziishi ameshalala.

Joto linasaidia sana. Taulo dogo lililochovywa maji ya moto likakamuliwa, au chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kitambaa kinene, unaweka juu ya paja au kigimbi. Jaribu kwanza kwa ndani ya mkono wako, ukiona linakuchoma wewe litamchoma zaidi yeye, ngozi ya mtoto ni laini, na akishasinzia ondoa, usimwachie chupa kitandani akaja kuungua usingizini au ikamwagika. Siku ambazo unajua kabisa kacheza kupita kiasi usisubiri alie, muogeshe maji ya uvuguvugu kabla ya kulala umkande kidogo, usiku unakuwa mwepesi.

Kuhusu dawa, mi naona iwe ya pili baada ya mikono na joto, ila pia usimwache mtoto ateseke eti unaogopa dawa. Paracetamol ndiyo ya kuanzia, na dozi inaenda kwa kilo zake, ni miligramu 10 mpaka 15 kwa kila kilo moja, unakaa angalau saa 4 kabla ya kurudia, na isizidi mara 4 kwa saa 24. Tuseme ana kilo 16, dozi yake ni miligramu 160 mpaka 240. Sasa hapa ndio wengi wanakosea, chupa za dawa ya maji hazifanani, ipo yenye miligramu 120 kwenye mililita 5 na ipo yenye 250 kwenye mililita hizo hizo 5, kwa hiyo ukisema nampa kijiko kimoja kama siku zote unaweza kumpa mara mbili ya anachohitaji au nusu yake. Soma chupa kila ukibadilisha, pimia kwa sirinji au kile kikombe kilichokuja na dawa sio kijiko cha chai, na kama siku hiyo anakunywa dawa ya mafua angalia isije ikawa nayo ina paracetamol ndani. Ibuprofen nayo inafaa lakini apewe akiwa ameshakula, na kama mtoto ana pumu, anatapika au anaharisha ongea na daktari kwanza. Aspirin usimpe kabisa mtoto wa chini ya miaka 16, inaweza kuleta ugonjwa mbaya wa ini na ubongo, hata kama wewe mwenyewe ilikuwa inakusaidia.

Ukijikuta unampa dawa usiku karibu kila siku kwa wiki nzima, simama hapo, mpeleke akaangaliwe. Haya maumivu yanakuja na kuondoka, siku mbili tatu mfululizo halafu anakaa hata wiki kadhaa mzima kabisa.

Kitu kilichotusaidia kuliko vyote ni kunyoosha misuli, na mwanzoni nilikidharau. Kuna utafiti wa mwaka 1988 ambapo wazazi walifundishwa kuwanyoosha watoto miguu asubuhi na jioni, na hao watoto maumivu yaliwaisha mapema kuliko wenzao ambao hawakunyooshwa. Ulikuwa mdogo, watoto wachache, lakini zoezi lenyewe halina gharama na halina madhara ukifanya taratibu, kwa hiyo mi nilianza na sijajuta. Tunafanya kabla ya kulala. Analala chali mguu umenyooka, nashika kisigino nasukuma unyayo uelekee kwenye ugoko mpaka kigimbi kivutike, tunahesabu pamoja mpaka 20 halafu naachia. Kisha nauinua mguu wote juu ukiwa umenyooka mpaka aseme unavuta nyuma ya paja, hapo hapo nasimama nahesabu tena. Mwisho anageuka analalia tumbo, namkunja goti kisigino kije karibu na makalio, hiyo ni ya paja la mbele. Mara 3 kila moja, miguu yote. Asikie kuvutika, asisikie kuuma, na usirushe rushe mguu, ukishafika pale kaa hapo hapo. Mwache yeye ndio ahesabu kwa sauti, anapenda, na kuhesabu kwenyewe amejulia hapo. Usitegemee matokeo siku ya pili, sisi ilichukua wiki kadhaa ndio nikaona usiku wa kulia unapungua.

Mchana usimkataze kucheza. Najua kishawishi kipo, unaona akikimbia sana usiku analia basi unamwambia akae, hapana, mtoto anahitaji kukimbia. Angalia tu viatu, visiwe vimekwisha soli upande mmoja au vinambana vidole.

Kuna vitu viwili vinachanganywa sana na haya maumivu. Kimoja ni msuli kukaza, unashika kigimbi unakuta kigumu kama jiwe na mtoto anapiga ukelele wa ghafla, hiyo unanyoosha goti na kuvuta vidole vya mguu kuelekea juu, ndani ya dakika chache kinaachia halafu unakanda. Cha pili ni mtoto ambaye hasemi inauma ila anasema miguu haitulii, kama kuna vitu vinatembea ndani, lazima aichezeshe ndio apate nafuu, hapo mwambie daktari amuangalie kiwango cha madini ya chuma mwilini maana yakipungua yanaleta hali hiyo. Vitamini D nayo ikiwa chini miguu inaweza kuuma na hata kupinda, hicho nacho kinapimwa, usianze kumpa vidonge kwa kukisia.

Sasa za kwenda hospitali. Mguu mmoja tu na sehemu ile ile kila siku. Maumivu yapo hata asubuhi na mchana, au anaacha kucheza mwenyewe bila kuambiwa. Anachechemea. Kiungo kimevimba au asubuhi ni kigumu. Homa za mara kwa mara, jasho jingi usiku, kupungua uzito, kukosa hamu ya kula, kupauka, michubuko inayotokea bila kuanguka, hizi hasa usizisubirie maana magonjwa ya damu ikiwemo saratani ya damu yanaweza kuanza na maumivu ya mifupa ambayo mzazi anadhani ni ya kukua. Maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka nayo yaangaliwe. Kama kwenye familia kuna seli mundu na mtoto hajawahi kupimwa, apimwe, ile maumivu yake ni mengine kabisa na yana matibabu yake. Na jambo ambalo mi nilikuwa silijui, nyonga ikiwa na tatizo mtoto anaweza kulalamikia goti, kwa hiyo goti la upande mmoja lisiloisha muombe daktari acheki na nyonga.

Akikataa kabisa kukanyaga, au ana homa na hataki uguse mguu, hiyo sio ya kusubiri kesho, nenda siku hiyo hiyo, inaweza kuwa maambukizi kwenye mfupa au kiungo na masaa yana maana.

Ukienda usiende mikono mitupu. Mi nilianza kuandika kwenye simu, tarehe, saa aliyoamka, mguu upi na wapi, mchana wake alifanya nini, nilimpa nini na alilala baada ya muda gani. Wiki tatu tu za hivyo zilimsaidia daktari kuliko maelezo yangu yote ya mwanzo ya kusema tu anaumwa anaumwa miguu. Na siku moja mrekodi video fupi usiku anavyoonyesha panapouma, na nyingine asubuhi anavyotembea, kwa sababu ukifika naye mchana daktari atamkuta anakimbia kwenye korido na wewe utabaki huna la kuonyesha.