Helmeti ya baiskeli: jinsi ya kuamua, kuichagua na kuivaa ikae sawasawa

Waendesha baiskeli wakianza kubishana kuhusu helmeti, mara nyingi huwa wanajibu maswali mawili kwa mpigo. La kwanza ni la mtu mwenyewe: nikianguka leo, kichwa changu kitasalimika zaidi nikiwa nimeivaa? La pili ni la serikali: je, sheria imlazimishe kila mtu kuivaa? Mtu anaweza kujibu "ndiyo" kwa la kwanza na "hapana" kwa la pili bila kujipinga. Ukiyatenganisha, sehemu kubwa ya ubishi inapoa, na inabaki kazi ambayo wengi wanairuka: kuhakikisha helmeti uliyonayo imekaa kichwani pale inapotakiwa kukaa. Helmeti iliyorudi kisogoni imeacha paji la uso wazi, na mtu anayerushwa mbele ya usukani hutangulia na paji hilohilo.

Jua kwanza inafanya nini

Chini ya gamba jembamba la plastiki kuna povu gumu la polistirini, la jamaa moja na lile linalozungushiwa televisheni mpya ndani ya boksi. Povu hilo ndilo helmeti yenyewe. Kichwa kikigonga chini, povu linabonyea, pengine linapasuka, na katika kubonyea huko kichwa kinapata nafasi ya kupunguza kasi badala ya kusimama ghafla.

Hesabu yake ni nyepesi: gawanya kimo cha anguko kwa umbali ambao kichwa kimetumia kusimama. Kichwa kikianguka kutoka mita 1.5 na kusimama ndani ya milimita 2, kinapata kwa wastani mshtuko wa mara 750 ya nguvu ya uvutano wa dunia. Kikisimama ndani ya milimita 20 za povu, mshtuko huo unashuka hadi mara 75. Milimita hizo 18 za ziada ndizo unazozinunua. Rangi na mistari ni pambo tu.

Viwango vya ubora vimejengwa juu ya hesabu hiyo. Kile cha Ulaya, EN 1078, hudondosha helmeti yenye kichwa bandia juu ya chuma bapa kwa kasi ya karibu kilomita 19.5 kwa saa, na mshtuko hautakiwi kuzidi mara 250. Cha Marekani, CPSC, kinachotumika kwa helmeti zilizotengenezwa tangu Machi 1999, huzidondosha kutoka mita 2 na kikomo chake ni mara 300. Hapa watu wengi wanapotea. Kasi hiyo ni ya kichwa kushuka chini, wala si kasi ya baiskeli kwenda mbele. Mtu anayekwenda kilomita 30 kwa saa na kuteleza kwenye mchanga bado kichwa chake kinashuka kutoka kimo kilekile. Lakini ni kweli pia kwamba hakuna maabara inayoipima helmeti ya baiskeli kwa kuigonga na lori. Anayesema helmeti haitakuokoa na lori lenye mwendo yuko sahihi, ila maanguko mengi ya baiskeli hayana lori ndani yake.

Takwimu za kubeba ukienda kwenye ubishi

Mwaka 2016 ulichapishwa uchambuzi wa watafiti Olivier na Creighton uliounganisha tafiti 40 zenye waendesha baiskeli waliojeruhiwa zaidi ya 64,000. Kati ya majeruhi hao, waliovaa helmeti walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata jeraha baya la kichwa, kwa karibu asilimia 69. Hicho ndicho kipimo cha kutaja. Ile asilimia 85 inayorudiwa sana ilitoka kwenye utafiti mmoja wa Seattle, Marekani, wa mwaka 1989, na kazi zilizofuata zimeonyesha manufaa yaliyo chini ya hapo. Ukiikuza hoja nzuri kupita kiasi, unampa mpinzani wako mlango.

Upande wa pili nao una hoja za kusikilizwa. Jimbo la Victoria nchini Australia lilianza kulazimisha helmeti Julai 1990, na New Zealand ikafuata Januari 1994. Majeraha ya kichwa yalipungua huko Victoria, lakini hesabu za barabarani zilionyesha kwamba waendeshaji nao walipungua, hasa vijana wa shule. Baiskeli zikipungua barabarani, afya inayotokana na mazoezi inapotea, na madereva wanazoea kutokutana na baiskeli. Uholanzi, wenye helmeti ni wachache mno, na bado watu wanaendesha kwa usalama kwa sababu njia zimetengwa na magari yamepunguzwa mwendo. Kaunti ya King, yenye mji wa Seattle, iliifuta sheria yake mwaka 2022 baada ya kuonekana kwamba faini ziliwaangukia zaidi watu wasio na makazi na Wamarekani Weusi.

Kuna pia jambo la madereva. Mtafiti Ian Walker wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, alipima magari yakimpita akiwa kwenye baiskeli na akakuta kwamba akiwa na helmeti yalipita karibu zaidi kwa wastani wa sentimita 8.5. Mwaka 2013 watafiti wengine walizirudia hesabu hizohizo, na hawakuona kwamba helmeti iliongeza yale mapito ya hatari, yaani ya chini ya mita 1. Kwa maoni yetu, hili si jambo la kumvua mtu helmeti.

Msimamo wetu ni huu: ivae, hasa penye magari, gizani, penye mteremko, na pale unapojifunza. Ila usikubali mtu aliyekataa kujenga njia ya baiskeli akuambie kwamba usalama wako ni mzigo wa kichwa chako peke yako. Na kabla ya yote, ijue sheria ya mahali unapoendesha, kwa kuwa nchi kadhaa huwalazimisha watoto tu.

Kuchagua

Chukua futi ya kamba ya fundi cherehani. Izungushe kichwani kiasi cha sentimita 2 juu ya nyusi, ipite sehemu pana kabisa ya kisogo, usiikaze. Ukipata, tuseme, sentimita 57, tafuta helmeti ambayo namba hiyo iko katikati ya kipimo chake, kwa mfano 55 hadi 59. Iliyoandikwa 57 hadi 61 itakulazimu kukaza kikazio cha nyuma (kile cha kuzungusha kisogoni) hadi mwisho, na hapo mtakuwa mnaelea, wewe na povu. Ukiwa na nywele za kusuka, pima zikiwa zimesukwa. Fundo la nywele utosini halina mahali pa kwenda: lishushe chini, shingoni.

Umbo la kichwa nalo lina neno. Helmeti ikikubana kwenye vipaji vya pembeni huku mbele na nyuma kuna nafasi, kichwa chako ni cha mviringo zaidi kuliko helmeti hiyo. Ikibana paji na kisogo huku pembeni vidole vinaingia, kichwa chako ni kirefu zaidi. Katika hali zote mbili badilisha modeli. Sponji nene hazirekebishi umbo.

Geuza helmeti uangalie ndani. Lazima kuwe na lebo yenye jina la kiwango (EN 1078, CPSC, au AS/NZS 2063 cha Australia na New Zealand), saizi, na mwezi au mwaka wa kutengenezwa. Isiyo na lebo iache. Bonyeza gamba kwa kidole gumba: likitenganika na povu, iache. Vuta mikanda kwa nguvu uone ilipoingia kwenye povu. Helmeti ya mtumba pia tunashauri uiache, hata ikiwa inang'aa, kwa sababu povu likishabonyea halirudi, na ufa unaweza kujificha chini ya gamba. Kofia ngumu ya mjenzi siyo mbadala wake. Ile imetengenezwa kwa kitu kinachoanguka juu ya mtu aliyesimama, na pembeni haina kinga ya kutosha.

Utakutana pia na helmeti zenye utando mwembamba wa ndani unaoteleza, unaojulikana zaidi kwa jina la MIPS, uliotokana na utafiti wa Sweden. Kichwa kinapogonga lami kwa mshazari hujizungusha, na mzunguko huo huuumiza ubongo hata fuvu likibaki zima. Utando huo huruhusu helmeti kuteleza milimita 10 hadi 15 juu ya kichwa na kupunguza msokoto. Ni nyongeza nzuri ukiweza kuimudu. Lakini helmeti ya kawaida inayokukaa vizuri ni bora kuliko yenye MIPS inayokucheza kichwani.

Kuivaa, kwa mpangilio huu

Fuata hatua kama zilivyopangwa, maana anayeanza kwa kukaza mkanda wa kidevu huishia kuivuta helmeti upande.

1. Legeza kila kitu: kikazio cha nyuma, mikanda na vibana vya masikioni.
2. Weka helmeti iwe bapa kichwani, kama sinia lenye maji usilotaka limwagike. Kati ya ukingo wake wa mbele na nyusi viingie vidole viwili, si vinne. Ukiinua macho tu, uuone ukingo huo.
3. Zungusha kikazio cha nyuma hadi helmeti ikushike bila kuumiza. Inama huku mkanda wa kidevu haujafungwa: isidondoke. Ikikuumiza kichwa baada ya dakika 10, umepitiliza au saizi siyo.
4. Sogeza vibana vya pembeni ili mkanda wa mbele na wa nyuma vikutane kama herufi V chini kidogo ya ndewe ya sikio. Mikanda isilale juu ya sikio.
5. Funga klipu, kisha kaza mkanda wa kidevu hadi kiingie kidole kimoja, au viwili vyembamba.
6. Fungua kinywa kana kwamba unapiga miayo. Unatakiwa kuhisi helmeti ikivutwa chini utosini. Usipohisi, kaza kidogo.

Sasa ijaribu kwa mikono. Isukume kutoka mbele kwenda nyuma. Paji likifunuka, fupisha mkanda wa mbele na ushushe kibana. Isukume kutoka nyuma. Ikikuziba macho, fupisha mkanda wa nyuma. Tikisa kichwa kushoto na kulia: ngozi ya paji itembee pamoja na helmeti. Ikizunguka peke yake ilhali kikazio kimefika mwisho, hiyo ni kubwa kwako na hakuna mkanda utakaoiponya. Mwishowe, bana mkia wa mkanda uliobaki kwenye mpira wake ili usikupige shingoni.

Anayevaa kitambaa au kofia chini ya helmeti atumie kitambaa chembamba kisicho na pini, kifungo wala kapelo ngumu, na arudie hatua zote sita akiwa nacho. Marekebisho uliyofanya kichwa kikiwa kitupu hayafai tena.

Kwa watoto kuna mambo mawili ya kusisitiza. Mtoto wa chini ya miezi 12 asibebwe kwenye baiskeli. Shingo yake haijaweza kubeba kichwa na helmeti. Na mtoto akishuka kwenda kupanda miti au bembea, mvue helmeti mara moja. Kichwa chenye helmeti kinaweza kunasa mahali ambapo mwili umepita, na mkanda ukamkaba. Watoto wamekufa hivyo. Ndiyo sababu Ulaya ikaweka kiwango cha pekee, EN 1080, chenye klipu inayofunguka yenyewe ikivutwa kwa nguvu.

Kuitunza na kuitupa

Osha kwa maji ya kawaida, sabuni laini na kitambaa. Petroli, thina, spiriti ya kusafishia na dawa za mbu zenye DEET hula plastiki bila kuacha alama unayoiona. Usiipake rangi. Usiitoboe ili kufungia taa. Usiiache ndani ya gari lililofungwa juani, kwani joto huvimbisha gamba na kulegeza gundi.

Watengenezaji wengi hutaja miaka 3 hadi 5 ya matumizi. Povu lililotunzwa halichakai upesi hivyo. Kinachotangulia kuharibika kwa kawaida ni klipu, mikanda iliyoliwa na jasho na jua, na kikazio cha nyuma. Kagua vitu hivyo kila mwezi. Klipu ikifunguka ukiivuta kwa mkono, helmeti hiyo imekwisha.

Ukianguka na kichwa kikagonga, helmeti imemaliza kazi hata kama haionyeshi ufa. Mwangalie pia mwenye kichwa. Kutapika, kurudia swali lilelile, usingizi usio wa kawaida, maumivu yanayozidi au mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine ni mambo ya kwenda hospitali sasa hivi, wala si kesho. Majeruhi akiwa hajitambui lakini anapumua vizuri, mwachie helmeti kichwani, tuliza shingo yake na usubiri wenye ujuzi.

Helmeti iliyokwisha usiiache nzima jalalani. Kata mikanda yote kwa mkasi kwanza, kisha uvunje povu vipande viwili, ili asije mtu akaiokota na kumvalisha mwanawe.