Usiwasimamishe! Namna ya kuwapiga picha watoto wakiwa mchezoni

Fungua simu yako sasa hivi uangalie picha za watoto ulizonazo, nyingi ni za mtoto aliyesimamishwa. Katolewa mchezoni, kafutwa vumbi, kaambiwa "simama hapo, cheka", anatoa meno huku macho yote yako kwa wenzake wanaoendelea na rede. Mi nilipiga za hivo miaka mingi, na mwanangu wa kwanza sina hata picha moja anaruka kamba, wakati kamba ndo ilikua maisha yake kila jioni mpaka aitwe mara tatu kuja kuoga. Sasa hivi ni mkubwa, haruki tena. Linaniuma, ndo maana nayaandika haya.

Kitu cha kwanza wala sio kamera, ni kuujua mchezo. Ukishaujua unajua wapi furaha itatokea na unakua umeshafika. Chukua rede: wawili wako huku na huku wanarushiana mpira wa soksi, wa kati anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa. Mtu asiyejua anampiga picha mrushaji kwa sababu ndo anaonekana ana kazi. Picha iko kwa wa kati, pale alipokunja mgongo, mpira umempitia mbavuni kidogo tu umguse, kiganja bado kimefumba mchanga unaovuja kwenye vidole, na mdomo uko wazi, hata yeye hajui anacheka au anapiga kelele. Hiyo inatokea kila baada ya dakika chache, we chuchumaa pembeni usawa wake usubiri tu. Kombolela nayo, ule mchezo wa kujificha wenye kopo la kupiga teke, usihangaike kuwafuata waliojificha, kaa karibu na kopo, atakayekuja kuwakomboa wenzake atakuja mbio na uso wa ushindi kabla hata hajalipiga teke. Mdako, ule wa kurusha jiwe juu huku unachota mengine shimoni, piga jiwe likiwa hewani, maana hapo mkono unachota shimoni na macho yanaangalia juu kwa wakati mmoja. Kamba ni pale miguu yote miwili imeacha ardhi, na nywele kama hazijasukwa nazo zimepaa.

Alafu wazoee na wenyewe wakuzoee. Ukitoa simu mtaani dakika ya kwanza hakuna mchezo tena, wote wamekuja mbele, vidole viwili juu, "nipige na mimi! nipige na mimi!" Watu wengi hapa wanakasirika wanaanza kuwafukuza, wengine wanakata tamaa wanaondoka. Usifanye hivo. Wapige. Piga hizo za vidole viwili kumi, ishirini, mpaka na yule mdogo aliyejificha nyuma ya dada yake, wageuzie skrini wajione wacheke, wabishane nani katoka vizuri. Baada ya robo saa wanachoka na wewe, mmoja anakumbuka ilikua zamu yake, mchezo unarudi. Sasa ndo unaanza kazi. Na usiwaambie rudieni ile! Mtoto akirudia kitu kwa ajili yako uso unabadilika, picha inaonyesha kabisa.

Kabla ya hapo lakini kuna mkubwa wa kumsalimia. Hata mtaani kwako. Yule bibi wa barazani au mama anayekaanga mihogo ndo macho ya watoto wote wa pale, "Shikamoo mama, naomba niwapige watoto picha wakicheza," akisema marahaba na akaridhika unafanya kazi kwa amani, na usishangae akikuitia wengine wa nyumba ya pili. Akisema hapana ni hapana, funga simu ukae uongee nae tu. Na mtoto mwenyewe akigeuza uso au akaweka mkono mbele, huyo kakujibu, muache.

Mwanga sasa. Huku kwetu karibu na ikweta jua la saa sita mchana linakua kichwani kabisa, linamtia mtoto vivuli vyeusi chini ya nyusi, macho yanapotea. Mchana watafute chini ya mwembe au upande wa nyumba wenye kivuli, tena kivulini karibu na mwanga, sio ndani kabisa. Mda wenyewe ni kuanzia saa kumi na moja jioni. Na ujue huku jua halizami taratibu, linadondoka, pale Dar linazama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi mpaka saa moja kasoro kidogo kutegemea na mwezi, kwa hiyo ule mwanga wa dhahabu ni mfupi sana, ukisema ngoja nimalizie chai umeukosa. Ukiwa Unguja nenda Forodhani jioni uwaone vijana wanavopiga mbizi kutoka ukutani, jua linazama baharini nyuma yao, gusa skrini pale angani shusha mwanga kidogo, miili inakua meusi mitupu dhidi ya machungwa ya anga, huoni uso wa mtu na bado furaha yote unaiona mikononi walivoitanua.

Ngozi zetu zinataka umakini hapa. Mtoto mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe simu inaupima ukuta, uso unatoka giza. Gusa usoni kwenye skrini, shikilia mpaka kipimo cha mwanga kijifunge hapo, alafu pandisha mwanga kidogo. Akivaa kanzu nyeupe ya Iddi juani ni kinyume, ukiupandisha sana kanzu inaungua inakua karatasi isiyo na mkunjo hata mmoja, bora mtoe juani umuweke kivulini. Na zile filta za kung'arisha ngozi ZIMA, simu nyingine zinakuja zimeshawashwa tayari kwenye mipangilio ya kamera. Rangi ya mtoto sio kosa la kusahihishwa, na vumbi la magotini nalo liache, ndo jioni yenyewe hiyo.

Simu ya kawaida inatosha kabisa. Futa lenzi kwa kitambaa laini, mafuta ya vidole ndo yanayofanya picha iwe na ukungu. Usivute zumu, sogea kwa miguu. Chuchumaa, au lala chini kabisa, maana ukipiga kutoka juu unapata vichwa na mchanga, ukishuka usawa wa macho yao unaingia kwenye dunia yao na anayeruka anaonekana karuka kweli. Piga mfululizo, simu nyingi ukishikilia kitufe au ukikivuta pembeni zinatoka nyingi kwa mpigo, alafu baadae uchague moja ufute zilizobaki siku hiyohiyo. Kama simu yako ina sehemu ya kupanga mwenyewe, weka kasi ya kamera 1/500 ya sekunde kwa wanaokimbia na 1/1000 kwa mpira na kuruka, mwanga ukiwepo wa kutosha. Anayesukuma tairi punguza hiyo kasi, mfuatishe na simu kwa mwendo wake ukiwa pembeni, yeye anatulia nyuma panavurugika. Flashi sahau.

Kuna picha moja napenda kuwaonyesha watu, ya mpiga picha Martin Munkácsi wa Hungary, ya mwaka 1930 hivi, inajulikana kwa jina la Ziwa Tanganyika. Wavulana watatu wako uchi wanakimbilia mawimbi, wamepigwa kwa nyuma, hakuna sura hata moja. Henri Cartier-Bresson, yule mpiga picha maarufu wa Ufaransa, alipoiona ndo ikamsukuma kushika kamera. Kwa hiyo ukiambiwa lazima sura ionekane, kumbuka migongo ile mitatu. Ila kitu kimoja, ya uchi leo usiposti. Watoto wakioga mvua wapige kama mzazi kakubali, ikae kwenye albamu ya nyumbani basi.

Kuposti kwenyewe ni ruhusa nyingine kabisa, mama kukubali upige sio kukubali uweke status. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ina ya taarifa binafsi ya 2022, lakini hata bila sheria, muulize. Angalia sare yenye jina la shule, namba ya nyumba mlangoni, na uzime lokesheni kwenye kamera. Mi niliwahi kuweka picha nzuri sana ya binti wa jirani, beji ya shule inasomeka vizuri, baba yake akaja usiku ananitafuta na alikua sahihi kabisa, niliifuta mbele yake nikaomba radhi.

Mwisho zisafishe kwenye karatasi. Sio zote, mbili tatu, studio ya mtaani inatosha, umpelekee mtoto mwenyewe mkononi. Mmoja nilimpa ya rede, ile ya mpira mbavuni, akaiangalia mda mrefu akaniambia "hapa sikuguswa". Bibi yake kaichomeka kwenye kioo cha kabati la vyombo, nyuma nimeandika kwa kalamu: rede, mwezi wa nane, hakuguswa.