SOMO: Lifti ya lori Tunduma mpaka Lusaka (soma kwanza ndo uulize)

Wakuu, inboksi imejaa swali lilelile, "mkuu uliendaje Lusaka kwa lifti?" Naandika mara moja tu.

1. Pasipoti iwe hai. Mtanzania hahitaji viza kutembea Zambia. Kadi ya homa ya manjano beba.

2. Fika Tunduma kwa basi, lala, amka mapema.

3. Boda vuka kwa miguu. Lori la mzigo linaweza kukaa pale siku kadhaa linasubiri makaratasi, utakaa nalo? Gonga mihuri miwili, wa kutoka na wa kuingia.

4. Lifti itafute Nakonde, mji wa upande wa Zambia, kwa malori yaliyomaliza forodha. Madereva wabongo ni wengi, salimia kwa Kiswahili.

5. HAPA NDO NILICHEMKA. Nilimuuliza dereva "kaka unaenda Zambia?" akasema ndiyo, nikapanda najiona mjanja, sijauliza anaishia wapi. Sasa ile barabara inapita Mpika, Serenje, Mkushi, ikifika Kapiri Mposhi inagawanyika: kushoto Lusaka, kulia Ndola mpaka Kasumbalesa, boda ya Kongo. Na malori kibao ya Dar mzigo wake ni wa Kongo! Mimi nimelala kitanda cha nyuma, naamka naona taa za mji, nauliza tumefika Lusaka? Utingo alicheka mpaka akakohoa. Tulikuwa Ndola, saa nane usiku, kurudi Lusaka ni zaidi ya kilomita 300 na mfukoni nina kwacha za maji tu. Kwa hiyo uliza MJI anaposhusha mzigo, usiulize nchi. Kama ni wa Kongo sema unashuka Kapiri, mwambie dereva, mwambie na utingo, na mkishapita Mkushi usilale. Mkifika Kapiri usiku usishuke kuzurura, omba ukae kwenye lori walipopaki mpaka kukuche.

6. Lifti kule sio ya bure, hata Wazambia wenyewe wanachangia mafuta. Elewaneni bei kabla hujapanda. Ukisimamisha gari barabarani achana na kidole gumba, nyoosha mkono upunge kiganja kikiangalia chini.

MASWALI

dogo_wa_mbozi: Mkuu bila pasipoti inawezekana? Kuna njia za panya nasikia

Hapana. Namba 1.

dogo_wa_mbozi: Ila kuna mshkaji alipita

Basi muulize mshkaji.

Binti Safari: Kaka samahani, mwanamke peke yake unamshauri nini? Na kurudi Dar nipate lori lililoshusha mzigo?

Swali zuri dada. Ukweli kwa mwanamke peke yake mimi ningesema panda basi, Nakonde na Lusaka mabasi yapo. Ukilazimika lifti, chagua gari lenye familia, tembea mchana tu, piga picha namba ya gari umtumie mtu nyumbani huku dereva anakuona. Kurudi ni kugumu kidogo, malori mengi yanarudi na shaba, wezi wanaiwinda sana, kwa hiyo dereva mwenye shaba akikukatalia usinune. Tafuta lililo tupu.

Chenji_Kamili: Naongezea, Nakonde kuna wachenjaji wanakupa noti za zamani. Zambia walifuta sifuri tatu 2013, ukipewa noti ya kwacha elfu hamsini ujue umeshika karatasi.

Hii muhimu! Kuleni na ugali wao, wanaita nshima.

mzee_wa_fasta: Sijasoma yote, lori linaloenda Kasumbalesa linanifikisha Lusaka?

Mzee. Namba 5, herufi kubwa kabisa.

Binti Safari: Na treni je?

Ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, inaishia Kapiri hapohapo. Ulizia kwanza stesheni ya Dar kama inatembea, na beba chakula cha ziada maana ikichelewa inachelewa kweli.