Nusu siku Kyoto na mwongoza watalii wako mwenyewe: jinsi ya kuipanga

Kwa waongoza watalii wa Kyoto, "nusu siku" kwa kawaida ni saa nne, na hizo saa nne huanza kuhesabiwa mnapokutana, si mnapofika kwenye hekalu la kwanza. Safari nyingi huharibika hapo, tena kabla mtu hajapanda ndege. Anaandika orodha yake: Kinkaku-ji, mianzi ya Arashiyama, Fushimi Inari, Kiyomizu-dera, mtaa wa zamani wa Gion, kwa kuwa vyote viko mji mmoja. Ni kweli viko mji mmoja, ila Kinkaku-ji iko kaskazini-magharibi, Arashiyama iko magharibi kabisa chini ya milima, na Fushimi Inari iko kusini-mashariki. Basi kutoka stesheni ya Kyoto hadi Kinkaku-ji huchukua kama dakika 40 barabara zikiwa shwari, na msimu wa watalii barabara za Kyoto huwa si shwari. Ukifuata orodha hiyo, nusu ya pesa uliyomlipa mwongozaji utaitumia ukiwa umesimama naye ndani ya basi.

Kwa hiyo chagua upande mmoja wa mji. Sehemu mbili zilizo jirani, au tatu zinazofikika kwa miguu, zinatosha kabisa kwa saa nne.

Upande gani?

Kama ni mara yako ya kwanza, chukua mashariki, eneo la Higashiyama. Hakuna upande mwingine ambako kuna vitu vingi hivyo ndani ya kilomita tatu hivi za kutembea, na ukianzia juu, sehemu kubwa ya njia ni mteremko. Anzia Kiyomizu-dera. Hekalu hili hufunguliwa saa 12 asubuhi, jambo ambalo ni nadra, kwa sababu mahekalu mengi ya Kyoto hufungua saa 2:30 au saa 3. Kiingilio ni yeni 500. Fika saa 1:30 asubuhi kwa teksi, msimame kwenye roshani yake kubwa ya mbao wakati watu bado ni wachache. Roshani hiyo iko kama mita 13 juu ya mteremko, jengo la sasa ni la mwaka 1633, na nguzo na maboriti yanayoibeba yameunganishwa kwa kupenyezana bila misumari. Mwambie mwongozaji akuteremshe hadi chini ya roshani, muitazame kutoka hapo. Wageni wengi hupiga picha juu na kuondoka bila kuona kazi ya mafundi iliyoishikilia.

Kutoka hapo mnashuka Sannenzaka kisha Ninenzaka, vichochoro vya ngazi za mawe vyenye nyumba za zamani za mbao. Asubuhi hiyo maduka mengi bado yamefungwa, mengi hufungua kati ya saa 3 na saa 4. Anayetaka picha na utulivu atafurahi. Anayetaka kununua vyombo vya udongo aanze safari saa moja baadaye na akubali msongamano. Mbele kuna hekalu la Kodai-ji, linalofunguliwa saa 3, halafu bustani ya Maruyama, halafu Yasaka, ambayo ni jinja, yaani mahali pa ibada pa Kishinto (dini ya asili ya Japani), isiyo na kiingilio. Malizia Gion kwenye Kennin-ji, hekalu la Zen, tawi la Ubudha, lililoanzishwa mwaka 1202. Kwenye dari ya ukumbi wake kuna majoka mawili yaliyochorwa mwaka 2002, kuadhimisha miaka 800 ya hekalu. Hapo saa nne zitakuwa zimekwisha, nanyi mko hatua chache kutoka stesheni ya Gion-Shijo.

Kama moyo wako uko kwenye malango mekundu ya Fushimi Inari, jinja iliyo mlimani, anzia huko. Hakufungwi usiku wala mchana, wala hakuna kiingilio. Kutoka stesheni ya Kyoto ni vituo viwili kwa treni ya JR ya Nara Line, kama dakika tano. Angalizo moja tu: panda treni ya kawaida, ile inayosimama kila kituo. Treni ya kasi iitwayo Miyakoji haisimami Inari, na wanaoipanda kwa haraka hujikuta wamepitiliza mbali. Mlima wenyewe una kimo cha mita 233, na kuuzunguka wote huchukua saa mbili hadi tatu, jambo linalokula nusu siku nzima. Pandeni hadi Yotsutsuji tu, njia panda yenye mandhari ya mji, dakika 30 hadi 45 kutoka chini. Wakati wa kushuka, tazama maandishi meusi nyuma ya kila lango. Ni jina la aliyelitoa, mara nyingi kampuni au mfanyabiashara, pamoja na tarehe. Mwongozaji akikusomea matano au sita, utaelewa kwa nini wafanyabiashara wa Japani humheshimu Inari, mungu wa mpunga na biashara, kuliko maelezo yoyote ya kitabuni. Kisha pandeni treni ya Keihan kutoka Fushimi-Inari hadi Gion-Shijo, mmalizie Gion.

Kumpata mwongozaji

Japani ina waongozaji wenye leseni ya taifa, wanaofanya mtihani wa serikali wa lugha, historia na jiografia. Tangu Januari 2018 hata asiye na leseni anaruhusiwa kuongoza kwa malipo, ila haruhusiwi kujiita mwenye leseni ya taifa. Asiye na leseni si lazima awe mbaya. Wapo wanaojua mtaa mmoja vizuri mno. Lakini ukiambiwa mtu ana leseni, omba kuona kadi yake, na haichukuliwi kuwa utovu wa adabu.

Mtihani huo una lugha 10, na Kiswahili si mojawapo. Wengi mtazungumza Kiingereza au Kifaransa. Kama katika kundi lenu kuna mzazi au mtoto asiyejua lugha hizo, mweleze mwongozaji mapema ili aseme kwa vipande vifupi na kuacha nafasi ya kutafsiri. Hilo peke yake hula sehemu kubwa ya muda wa maelezo, kwa hiyo punguzeni sehemu moja kwenye ratiba.

Bei ya mwongozaji binafsi kwa kawaida huwa ya kundi zima, si ya kila kichwa, na nusu siku mara nyingi huangukia kati ya yeni 20,000 na 40,000. Kabla ya kulipa, uliza mambo manne kwa maandishi: bei ni ya watu wangapi, nauli na viingilio vya mwongozaji analipa nani (mara nyingi ni wewe), muda ukizidi saa nne inaongezwa kiasi gani, na ukighairi siku moja kabla utarudishiwa nini. Kuna pia vikundi vya wanaojitolea, ambao hawatozi ujira, nawe hulipia nauli, viingilio na chakula chao. Ni watu wazuri sana, ila wahitaji kuombwa mapema, na usitegemee waanze alfajiri.

Kwa mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili, maua ya sakura yanapochanua, na kwa nusu ya pili ya Novemba, majani yanapogeuka mekundu, weka nafasi miezi miwili au mitatu mbele.

Kuhusu gari: mwenye leseni ya kuongoza hana kwa leseni hiyo ruhusa ya kukubeba kwenye gari lake kwa malipo. Gari halali la kubeba abiria lina namba za kibao cha kijani. Anayejitolea kukuzungusha kwenye gari lenye kibao cheupe kwa malipo anavunja sheria, na ajali ikitokea bima itakuwa na maswali.

Ujumbe wa kumtumia

Mwongozaji wa Kijapani hujiandaa kweli kweli, mara nyingi hupita njia yote kabla. Mpe cha kujiandaa nacho. Mwandikie idadi na umri wa watu, nani ana shida ya magoti au anatumia kiti cha magurudumu (Higashiyama ina ngazi nyingi, na kwa mtu huyo Sanjusangen-do ni bora: ukumbi wa mita 120 hivi wenye sanamu 1,001 za Kannon, mtakatifu wa huruma wa Kibudha, njia tambarare), mnalala hoteli gani, na kitu kimoja ambacho mkikikosa mtasikitika. Usiandike vitu kumi. Asiyekula nguruwe wala pombe aseme wazi, tena afafanue kwamba anamaanisha hata mchuzi na viungo: supu nyingi za tambi huchemshwa kwa mifupa ya nguruwe, na mirin, inayotiwa kwenye sosi nyingi, ina pombe. Ukisema tu "sili nguruwe", utaonyeshwa tambi zisizo na vipande vya nyama lakini supu ikiwa ileile.

Muda uandike kwa mtindo wa saa 24. Andika 07:30. Mzoea saa za Kiswahili akiwa na haraka huweza kutuma "1:30" kichwani akiwa na asubuhi, na mwongozaji akapanga kuja mchana.

Mahali pa kukutana

Pazuri zaidi ni mapokezi ya hoteli yako. Mkikutania stesheni ya Kyoto, taja geti kwa jina. Stesheni ina pande mbili: Karasuma upande wa kaskazini, wenye mnara wa Kyoto Tower na mabasi, na Hachijo upande wa kusini, ulio karibu na Shinkansen, treni za mwendo kasi za kati ya miji. Kosa la kawaida ni mgeni kushuka Shinkansen na kusubiri Hachijo, wakati mwongozaji anamsubiri kwenye Geti la Kati upande wa Karasuma. Kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine na masanduku ni dakika 10 au zaidi. Fika dakika 10 kabla. Ukichelewa nusu saa, nusu saa hiyo huwa imekatwa kwenye saa zako nne, kwa sababu mchana huenda ana wageni wengine.

Masanduku yaache hotelini, hata kama bado hujaingia chumbani au umeshatoka. Makabati ya stesheni ya kuwekea mizigo kwa kulipia sarafu yapo, lakini yale makubwa hujaa mapema asubuhi.

Usafiri na fedha taslimu

Teksi ya kawaida hubeba abiria wanne, na mwongozaji ni abiria. Familia ya watu wanne pamoja naye ni watano: ama mwite teksi mbili, ama mwombe aagize gari kubwa siku kadhaa kabla. Hili huwashtua watu asubuhi yenyewe, wakiwa wamesimama barabarani.

Basi la mji nauli yake ya katikati ni yeni 230. Unapanda kwa mlango wa nyuma, unalipa mbele unaposhuka, na mashine haitoi chenji ya noti kubwa. Nunua kadi ya ICOCA au Suica, uitie yeni 2,000, utaigusisha kwenye treni na mabasi bila kutafuta sarafu. Bado kila mtu mzima awe na yeni 5,000 hadi 10,000 mkononi, kwani kwenye viingilio vya mahekalu, sadaka na maduka madogo bado pesa taslimu ndiyo inayokubalika kote. Mashine za kutolea pesa kwenye maduka ya 7-Eleven hukubali kadi nyingi za kigeni.

Bakshishi haitolewi. Ukimpa mwongozaji noti mkononi utamtia aibu, na huenda akairudisha. Zawadi ndogo kutoka kwenu, kahawa au kitambaa, hupokelewa kwa mikono miwili na kwa furaha ya kweli.

Adabu na hali ya hewa

Vaa viatu vya kuvulika haraka, na soksi zisizotoboka, kwa sababu mtavua ndani ya mahekalu kama Kennin-ji. Kwenye jinja huinama mara mbili, hupiga makofi mawili, huinama tena mara moja. Kwenye hekalu la Kibudha usipige makofi. Ndani ya Sanjusangen-do ni marufuku kupiga picha. Gion kuna vichochoro vya watu binafsi vilivyofungwa kwa wageni, na mabango yake hutaja faini ya yeni 10,000. Barabara kuu ya Hanamikoji iko wazi, lakini usimfuate wala kumziba njia msichana aliyevaa kama maiko, yaani geisha mwanafunzi. Yuko kazini na ana haraka.

Mvua haisitishi ziara. Juni hadi katikati ya Julai beba mwavuli kila siku. Agosti joto hupita nyuzi 35, hivyo anza asubuhi mno au ahirisha. Anayetaka kukodi kimono akavalishwe kabla ya kukutana na mwongozaji, maana kuvishwa huchukua karibu saa nzima, na ajue kwamba hatua za kimono ni fupi: ile njia ya Higashiyama ikomeshe Yasaka.

Kabla hamjaagana, muombe mwongozaji akuandikie kwa Kijapani jina la hoteli yako, akuonyeshe kwa kidole mlango sahihi wa treni ya kurudi, na akutajie mahali pa kula palipo karibu na hapo mliposimama.